Ulimi Unaolipwa



Vijana wetu wanaambiwa wachague kazi moja, waijue mpaka watu wawatafute. Ushauri mzuri, nauunga mkono. Fundi wa kila kitu hapa kisiwani hulipwa mwisho, tena kwa kubembeleza. Lakini ndani yake mna swali ambalo hatuliulizi.

Tazama waonjaji wa chai. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Malawi yauzwa hapa kwetu. Kabla ya mnada vikombe hupangwa kwenye meza ndefu. Majani hupimwa kwa mizani, yakatiwa maji ya moto, dakika tano sita, kisha mwonjaji apita na kijiko: avuta kwa kelele (nyumbani ungekemewa!), azungusha mdomoni, atema, asonga kikombe cha pili. Vikombe mamia kwa siku. Atakwambia kama majani yaliungua kiwandani. Ulimi huo hujengwa kwa miaka, ndio mtaji wake.

Sasa, mama wa mahamri pale Kibokoni hawezi kukudanganya. Ukiuma, umejua. Mwonjaji je? Wanunuzi wana waonjaji wao, basi hao wanakaguana. Anayebaki gizani ni mkulima wa Kericho au Murang'a. Yeye amechuma tu, na bonasi yake inategemea sana ndimi za watu asiowajua. Ndivyo ilivyo pia kwa daktari, wakili, hata mhasibu wa kanisa. Kadiri unavyobobea, ndivyo wanaoweza kukushika wanavyopungua.

Mteja basi analipia nini? Wengi watasema ujuzi. Mimi naona ni nusu tu. Fundi anayejua gari linataka plagi, akasema injini imekwisha, ametumia ujuzi ule ule kuiba. Mithali inapokemea mizani ya udanganyifu tunadhani ni habari za wauza mchele. Mizani ya mtaalamu iko mdomoni mwake.

Mtu ataniambia, "Mtumishi, kodi ya duka haingoji." Kweli. Aliyesema "badilisha plagi tu" amekosa pesa ya siku ile, na pengine mteja hatajua kamwe alivyosaidiwa. Sitamwahidi kwamba kesho itarudi mara mbili, maana kuna ambao haikuwarudia. Nasema tu kwamba mwenye gari alikuja kwake kwa kuwa hajui, na kama una mwanagenzi gereji, mweleze hilo siku ya plagi, usingoje awe bingwa.