Daftari la Nyota Iliyokufa

"Nimejijenga mwenyewe." Sentensi hii inapendwa sana mitaani siku hizi. Utaisikia kwa mwenye duka, kwa msanii, na kwa jamaa aliyenunua gari lake la kwanza juzi. Wapinzani nao wana yao: "Wacha bana, huyo ni mtoto wa fulani." Mjadala unakwama hapo, kila upande umeshikilia jibu lake zima zima. Kuna mahali hesabu hii inafanywa vizuri zaidi, nako ni angani, kwenye nebula za kisayari.

Jina lisikudanganye. Hazina uhusiano wowote na sayari. William Herschel aliziita hivyo miaka ya 1780 kwa sababu kwenye darubini zilionekana kama viduara vya sayari. Nyota ya aina ya Jua letu ikizeeka huvimba, kisha huachilia matabaka yake ya nje. Wingu hilo hung'aa kwa miaka elfu kumi au ishirini hivi, halafu linapotea.

Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliichunguza mojawapo, Jicho la Paka, kwa kuuchambua mwanga wake. Badala ya upinde kamili wa rangi, aliona mistari michache tu. Kumbe ni gesi! Mstari mmoja wa kijani uliwashinda wataalamu, wakadhani ni elementi mpya. Mwaka 1927 Ira Bowen akaonyesha kwamba ni oksijeni tu, ile ile tunayovuta, ila imenyang'anywa elektroni mbili.

Leo mistari hiyo inasomwa kama daftari, na daftari lina safu mbili. Agoni, salfa na sehemu kubwa ya oksijeni ni urithi: nyota ilizaliwa nazo, zikiwa zimetengenezwa na nyota zilizotangulia. Heli ya ziada, kaboni na naitrojeni ya ziada ni jasho lake. Toa ya kwanza, inabaki ya pili.

Chukua Pease 1, iliyogunduliwa mwaka 1928 katika kundi la nyota la M15. Nyota yake ilizaliwa zamani sana, wakati elementi nzito bado zilikuwa adimu, ndiyo maana oksijeni yake ni kidogo mno ukilinganisha na Jua. Lakini kaboni yake inaipita oksijeni. Kuiambia nyota kama hiyo kwamba haikufanya kitu ni dhuluma.

Utaniuliza: je, hiyo kaboni si imetokana na heli, na heli na haidrojeni ambayo nyota iliikuta? Hata bidii ya mtu si alizaliwa nayo? Sawa. Lakini kaboni ile haikuwa kwenye wingu la mwanzo, na sasa ipo. Kuwa na mtaji wa kurithi hakufuti kazi iliyofanywa. Na kazi nayo haifuti mtaji.

Basi wanaojisifu na wanaowapinga wana kosa moja: hawataki kufanya kutoa. Andika kwanza agoni zako: karo aliyolipa dada yako akaacha kusoma yeye, chanjo, lugha, barabara uliyoikuta. Toa hizo. Kinachobaki, hata kikiwa kidogo, jivunie bila aibu. Mwenye kuogopa hesabu hii huwa anajua safu ipi itamwaibisha.

Halafu kuna jambo ambalo daftari la wingu halionyeshi. Sehemu kubwa ya kaboni ambayo nyota hutengeneza haitoki kabisa. Inabaki imefungwa katika kiini chake, nyota kibete nyeupe, ikipoa polepole kwa mabilioni ya miaka bila kumfaa yeyote. Nyota na sayari zitakazozaliwa baadaye zitapata kile tu kilichoachiliwa. Nyota haikuchagua iachilie nini na ibaki na nini. Wewe bado una nafasi ya kuchagua, na kuna mdogo wako anayesubiri karo.