Pete ya Gyges na Taa za Subaru

Usiku, katika barabara ya kutoka Kampala kwenda Masaka, mwenye taa kali kuliko wote ndiye asiyeonekana. Anayekuja mbele yake huona weupe mtupu. Haoni namba ya gari, haoni rangi yake, hajui kama ndani kuna kijana mlevi au padri anayerudi kutoka mazishini. Wakishapishana, kila mmoja amekwenda zake. Kama mmoja amemtia mwenzake mtaroni, huenda asijue hadi kufa.

Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, Glaucon anamsimulia Sokrates kisa cha mchungaji wa Lidia, ambaye wengi tumezoea kumwita Gyges. Mchungaji huyu aliokota pete. Akiigeuza kito chake kuelekea kiganjani, haonekani, akiirudisha, anaonekana. Haukupita muda alikuwa amelala na malkia, amemuua mfalme na kuutwaa utawala. Swali la Glaucon ni zito: je, mtu tunayemwita mwadilifu, akipewa pete hiyo, angetenda tofauti? Au sote huwa wema kwa sababu tu tunatazamwa? Mwalimu alipotufundisha kisa hiki, darasa lilikitaja rushwa, likataja wizi wa kura, likataja mitihani. Mimi nilikuwa nafikiria taa za gari la binamu yangu.

Nitauliza maswali mawili. La kwanza, je, tuna wajibu wa kutoa fedha zetu kwa ajili ya usalama wa mtu ambaye hatatuona, hatatujua wala hatatushukuru? La pili, kama tunao, na tukaukabidhi kwa mashine ituftanyie, je, huo bado ni wema wetu?

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Binamu yangu ana Subaru Impreza, gari la vijana wapendao mwendo na mlio, ambalo hapa kwetu Uganda lina mashabiki kama timu ya mpira. Lilikuja kutoka Japani likiwa na balbu za halojeni, naye akazing'oa akaweka xenon. Tofauti si ndogo. Balbu ya halojeni aina ya H7 hutoa lumeni 1500 hivi kwa wati 55. Xenon aina ya D2S hutoa 3200 kwa wati 35 tu. Mwanga mara mbili, umeme pungufu. Kwa anayeshika usukani ni neema: huona shimo mapema, huona mbuzi mapema.

Lakini taa za chini, zile tunazoita dimu, zina mpaka wa juu ambapo mwanga hukatika, na mpaka huo hutegwa uiname kidogo kuelekea barabarani. Mteremko wa kawaida ni asilimia moja hivi, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Sasa wapakie watu watatu kiti cha nyuma na gunia kwenye buti. Springi za nyuma zinalala, pua ya gari inainuka, na taa zinainuka pamoja nayo. Tuseme nyuma imeshuka sentimita 4, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.5. Hiyo ni asilimia 1.6. Taa iliyokuwa ikiinama sasa inatazama juu. Kama imefungwa sentimita 65 kutoka ardhini, umbali wa mita 80 mpaka wa mwanga uko zaidi ya mita moja na sentimita 10 juu, na hapo ndipo yalipo macho ya mtu aliyeketi kwenye gari dogo. Naye akienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde anayopofuka ni mita 22 anazokwenda bila kuona. Ikiwa ni mzee, macho yake huchelewa zaidi kurudi.

Dawa ya jambo hili ipo tangu zamani. Magari mengi yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, chenye namba 0 hadi 3, cha kushusha taa ukipakia mzigo. Nimewauliza madereva kadhaa kinafanya kazi gani; wawili walidhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Dawa ya pili ni ya kujiendesha yenyewe. Sensa hufungwa kwenye mkono wa springi za nyuma, na katika magari mengine mbele pia. Gari likilala nyuma, sensa hutuma habari kwenye kisanduku cha umeme, nacho huamuru mota ndogo zilizo ndani ya taa ziinamishe mwanga. Dereva hagusi kitu. Kanuni namba 48 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya ililazimisha mfumo huu kwa taa za chini ambazo chanzo chake cha mwanga kinazidi lumeni 2000, pamoja na kifaa cha kuosha vioo vya taa, kwa kuwa uchafu nao hutawanya mwanga.

Baadaye zikatoka xenon za wati 25 zenye lumeni 2000. Hazizidi, ziko kwenye mstari kabisa. Gari lenye taa hizo halikulazimika kuwa na mfumo huo. Sisemi kuna aliyevunja sheria. Ninachosema ni kwamba jicho la mtu anayekuja mbele halijui kuhesabu lumeni 2000 na 2001, na sheria ikishaweka mstari, watu wenye akili hujenga nyumba zao juu ya mstari.

Binamu yangu hakuwa hata na mstari wa kukanyaga, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Hapo ndipo naingia mimi. Jioni moja nilikuwa nimepanda bodaboda nikitoka Nsangi. Gari lilitokea mbele, weupe ukajaa, na mwendesha bodaboda akafanya alichoweza: akatoka kwenye lami. Tulisimama hatua moja kutoka kwenye jiko la mama aliyekuwa akichoma mahindi. Kibatari chake kilikuwa kinawaka palepale mezani, lakini hatukuwa tumekiona. Mama yule hakutukana. Alisogeza jiko nyuma kidogo, kama mtu aliyezoea.

Usiku huohuo binamu yangu alifika nyumbani akitoka Masaka, gari limejaa. Nilimuuliza alipita Nsangi saa ngapi.

"Sijui, mdogo wangu. Saa moja, saa mbili. Kwani kuna nini?"

Nilimweleza. Alinyamaza, kisha akasema magari yenye taa kali ni mengi. Ni kweli. Mpaka leo sijui kama alikuwa yeye, na yeye hajui. Nilitamani awe si yeye. Baadaye nikagundua kwamba jibu halibadilishi kitu kikubwa, kwa kuwa kila usiku aliopakia watu alikuwa ni yeye kwa mtu mwingine.

Rafiki zake aliposema anataka kufunga mfumo wa kuinamisha taa walimcheka. Kwa fedha hizo, walisema, ungepata ekzosi. Nadhani kicheko kile kina falsafa ndani yake kuliko walivyojua wenyewe. Kila kitu kingine unachofunga kwenye gari la aina hii hukurudia: ekzosi unaisikia, rimu unaziona, springi fupi unazihisi kwenye kona. Hiki tu hukurudishii chochote. Tena kinakunyang'anya, kwa kuwa taa iliyoinuka humsaidia mwenyewe kuona mbali zaidi. Immanuel Kant anatoa mfano wa mwenye duka asiyemwibia mtoto kwenye bei, na anauliza kama anafanya hivyo kwa uaminifu au kwa kuogopa kupoteza wateja. Kwa mwenye duka ni vigumu kujua. Kwa anayefunga sensa kwenye Subaru ya zamani, ambako hakuna mkaguzi wala mteja, siioni faida ya kujificha nyuma yake.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi mbili. Fundi alikataa kuanza na sensa. Alisema xenon ndani ya taa iliyotengenezewa halojeni hutawanya mwanga kila upande, na ukiinamisha taa ya namna hiyo unainamisha fujo tu. Kwa hiyo kwanza ilinunuliwa taa kamili ya mtumba, yenye lenzi yake, huko Kisekka. Kisha sensa ikafungwa nyuma, na waya zilizokuwa zikitoka kwenye kigurudumu cha dashibodi zikaunganishwa na kisanduku. Kulikuwa na kikwazo kimoja nilichokipenda: gari lilikuwa limeshushwa springi, kwa hiyo sensa ilidhani limebeba mzigo muda wote na kuinamisha taa hadi karibu na bampa. Ilibidi kijiti kinachoiunganisha na mkono wa springi kikatwe na kuchomelewa upya. Halafu tukaliweka gari mita 10 kutoka ukutani, tukachora mstari kwa chaki, na mimi na wengine wawili tukakaa nyuma kama magunia. Tulipoingia mwanga ulipanda. Halafu, polepole, kwa mlio mdogo wa mota, ukashuka hadi kwenye chaki. Sijui kwa nini kila mtu alinyamaza.

Sasa nije kwenye swali la pili, ambalo limenisumbua zaidi. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara, kama mpiga kinubi anavyojifunza kwa kupiga. Anayezungusha kigurudumu kila anapopakia abiria anamkumbuka mgeni wa mbele kila mara. Anayeachia sensa hamkumbuki kamwe. Kwa kipimo cha Aristotle, je, binamu yangu hakununua ruhusa ya kusahau?

Nilishikilia hoja hii kwa muda, na bado naona ina uzito. Lakini nimeanza kuitilia shaka kwa sababu ya kigurudumu chenyewe. Kilikuwapo kwenye gari lile miaka yote, nacho kilikaa kwenye sifuri. Binamu yangu si mtu mbaya. Husimama kumbeba mtu mvuani. Tatizo ni kwamba aliye mvuani anaonekana. Wema unaotegemea kumwona mtu huishia pale taa inapoishia, na ng'ambo ya hapo tunahitaji kitu kingine, hata kama ni kijiti cha chuma. Kuamua mara moja, mchana, ukiwa na akili timamu, kwamba usiku hutaachiwa uchaguzi, nako ni kutenda. Glaucon alituuliza tungeifanyia nini pete. Hakuuliza kama mtu anaweza kwenda kwa sonara na kuomba ile pete ikatwe.

Waswahili husema tenda wema uende zako. Nimeipenda methali hii tangu shule ya msingi, ila inadhani mtenda wema anajua kwamba ametenda. Hapa hata hilo hulipati. Mtu asiyepofushwa haoni chochote cha kushukuru. Anaona barabara tu, kama kawaida, na anaendelea na redio yake.

Kuna watakaosema nimelikuza jambo dogo. Malori yanapita bila taa hata moja, na mimi naandika juu ya digrii moja ya mwinamo wa Subaru. Nakubali kwamba lori lisilo na taa ni hatari kubwa zaidi. Ila mwenye lori lile mara nyingi hana fedha ya balbu, na aliyenunua xenon alikuwa nayo. Anayenunua mwanga mara mbili, kwangu mimi, amenunua na deni lake.

Mwezi uliopita tulisafiri usiku, watu watano, buti limejaa ndizi. Baada ya Kayabwe, tukipanda kilima, gari lililokuja mbele lilituwashia fulu mara tatu kwa hasira. Sensa hupima gari na barabara iliyo chini yake. Kilima haikijui, na kileleni pua ya gari lolote hutazama mbinguni. Binamu yangu alijua hilo. Hata hivyo aliegesha pembeni, akachukua tochi, akalala chini ya gari kwenye nyasi zenye umande kuangalia kama kijiti kimechomoka.

"Kipo?" nilimuuliza.

"Kipo. Shika tochi vizuri, niangalie tena."