Ubora wa Kitu na Kazi Yake: Tafakuri juu ya Stadi za Silinda Hedi

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa ya maadili ni lile linalouliza iwapo ubora wa kitu umo ndani ya kitu chenyewe, hata kikiwa kimelala kabatini, au hutokana na kazi kinayokabidhiwa na mahali kinapowekwa. Aristotle alitafuta wema wa mwanadamu kwa kuuliza kwanza kazi yake ni ipi, kisha akafafanua kwamba kiasi kinachotakiwa katika wema si kile cha hesabu, kinacholingana kwa watu wote, bali ni kile kinachomfaa mhusika. Chakula cha kipimo kimoja, alieleza, huwa kidogo kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, na kikubwa mno kwa anayeanza mazoezi. Swali hili limezoeleka kujadiliwa kwa mifano ya watu na tabia zao, lakini linajitokeza waziwazi pia katika karakana, pale fundi anapochagua stadi za kufungia silinda hedi ya injini inayoongezwa nguvu, kwa kuwa hapo jibu lenye kosa haliishii katika maneno, bali huishia katika gasketi iliyoungua na maji yaliyochanganyika na oili.

Silinda hedi ni kifuniko kizito kinachokaa juu ya bloku ya injini, kikiwa na valvu pamoja na njia za hewa na maji, na baina ya viwili hivyo hulazwa gasketi inayozuia gesi, maji na oili visivuje. Injini nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwa boliti, ambayo ina kichwa cha kushikwa na spana na ambayo, inapokazwa, huvutwa na kusokotwa kwa wakati mmoja. Stadi haina kichwa: ni nondo fupi yenye meno pande zote mbili, upande wa chini ukiingizwa kwenye bloku kwa nguvu ya vidole tu na upande wa juu ukifungwa nati, hivyo kwamba nati inapozungushwa, stadi huvutwa zaidi kuliko inavyosokotwa. Meno yake ya chini huwa mapana, yakayashika vizuri meno ya bloku, na ya juu huwa membamba, yakamwezesha fundi kukaza kwa usahihi zaidi.

Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kupimwa kwa mfano wa injini ya Toyota 2JZ-GTE, iliyotumika katika Supra na Aristo, ambayo wapenda mbio hupenda kuiongezea turbo kubwa. Ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 86, na silinda hedi yake hushikiliwa na boliti 14. Shinikizo la mwako likifika baa 120, silinda moja peke yake huisukuma silinda hedi kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 7 hivi, na mzigo huo hubebwa hasa na boliti nne zinazoizunguka. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 50 kwa sekunde.

Kinachoizuia silinda hedi isinyanyuke chini ya mapigo hayo si ugumu wa stadi, kama wanunuzi wengi wanavyodhani, bali ni kuvutika kwake. Stadi iliyokazwa hurefuka kidogo, na kwa kuwa chuma kina unyumbufu, yaani tabia ya kutaka kurudi katika urefu wake wa awali, huibana silinda hedi juu ya bloku bila kukoma. Uhusiano wa kurefuka na nguvu inayovuta ulielezwa na Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1678. Nondo ya chuma cha pua yenye unene wa milimita 11 na urefu wa milimita 150, ikivutwa kwa nguvu ya tani 6 hivi, hurefuka kwa karibu nusu milimita, na usalama wa injini nzima umo ndani ya nusu milimita hiyo. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba urefu huo wa ziada karibu haubadiliki, stadi iwe ya bei nafuu au ya bei ghali, kwa sababu vyuma vya pua vya aina mbalimbali huvutika takriban sawa chini ya mzigo ulio sawa. Fedha ya ziada hununua umbali ambao stadi inaweza kuvutwa kabla ya kupoteza unyumbufu na kubaki imerefuka moja kwa moja. Stadi yenye nguvu kubwa ikikazwa kwa mvuto ule ule wa boliti ya zamani haibani zaidi yake hata kidogo, na uwezo wake hubaki akiba isiyoguswa.

Hapo ndipo hoja ya Aristotle inapopata mwili. Boliti ya daraja la 10.9 hustahimili takriban megapaskali 1,000 kabla ya kukatika, megapaskali moja ikiwa ni nguvu ya nyutoni moja juu ya kila milimita moja ya mraba. Kampuni ya ARP ya California, inayojulikana sana katika ulimwengu wa mbio za magari, hutengeneza stadi za chuma chenye kromu na molibdeni zinazofika kiasi cha megapaskali 1,300, nyingine ziitwazo ARP2000 zinazokaribia 1,500, na nyingine za chuma cha L19 zinazokaribia 1,800. Mtu anayehesabu ubora kwa tarakimu pekee ataichukua L19 bila kusita, lakini chuma hicho kina udhaifu wake: unyevu, hata ule wa jasho la mikono, huweza kukiingizia hidrojeni, na chuma kilichoingiliwa hivyo hupoteza uvumilivu wake na kukatika ghafla bila dalili. Kwa gari linaloishi Mombasa au Dar es Salaam, kwenye hewa ya chumvi, stadi ya daraja la chini kidogo inaweza kuwa chaguo lenye busara zaidi.

Hatari haiishii kwenye stadi. Kukaza kupita haja huweza kung'oa meno ya bloku, na hata meno yakistahimili, kuta za silinda hupinda kwa vipimo visivyoonekana kwa macho, pistoni ikawa inatembea ndani ya duara lisilo duara kamili. Ndiyo maana mafundi makini, kabla ya kusugua kuta za silinda kwa mara ya mwisho, hufunga juu ya bloku bamba nene la chuma kwa stadi zile zile na kwa mkazo ule ule utakaotumika baadaye, ili silinda ipewe umbo lake ikiwa tayari katika hali ya kazi. Desturi hii ni fikra kamili ya kifalsafa iliyotiwa katika vitendo, kwa kuwa inakiri kwamba kitu hakijulikani sawasawa mpaka kiwekwe chini ya mzigo wake.

Baada ya uteuzi hubaki tatizo la ujuzi. Spana ya kupimia mkazo haipimi mvuto wa stadi. Hupima ugumu wa kuizungusha nati, na kwa makadirio yaliyozoeleka sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu hiyo ndiyo inayoivuta stadi, nyingine zote zikimezwa na msuguano wa meno na wa chini ya nati. Kilainishi kikibadilishwa, namba ya kwenye spana hubaki ile ile ilhali mvuto umebadilika. Mwenye gari hawezi kuliona hilo, wala hataliona siku anapokabidhiwa funguo. Sura ya 83 ya Qurani, Al-Mutaffifin, huanza kwa kuwalaani wanaopunja vipimo vya wenzao, na ingawa imezungumzia biashara, ni haki kuipanua hadi hapa, kwa sababu stadi iliyokazwa nusunusu kwa haraka ni kipimo kilichopunjwa ambacho mnunuzi hana mizani ya kukikagulia. Uaminifu wa fundi basi ni sehemu ya injini sawa na stadi zenyewe.

Amana hiyo humlazimu pia kumkatalia mteja anayetaka kilicho ghali zaidi kwa sababu tu ni ghali. Ni wajibu wake kuuliza injini italengwa kufikia nguvu kiasi gani, itatumia mafuta gani, na itafunguliwa mara ngapi, kwa kuwa silinda hedi iliyofungwa kwa stadi sharti inyanyuliwe wima mpaka ivuke ncha za stadi hizo, na katika magari ambayo boneti na mwili wa gari haviachi nafasi hiyo, injini nzima hulazimika kutolewa nje. Katika gari la namna hiyo, lisilotakiwa kupita sana nguvu lililotoka nayo kiwandani, boliti mpya zilizofungwa kwa utaratibu wa mtengenezaji zinastahili kupewa nafasi ya kwanza, na fundi anayezipendekeza, huku faida yake ikipungua, amelijibu swali la ubora kwa usahihi.