Miadi Kabla ya Mtoko: Swali la Maadili kwa Wapenzi Wanaolizuru Jiji

Vijana wawili wanaopendana wakipata siku mbili za kulizuru jiji kubwa, swali lao la kwanza huwa: twende wapi? Swali la pili, ambalo aghalabu halisemwi kwa sauti, ni hili: nani atalipa? Insha hii inashughulikia swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutangulia yote mawili: tunatoka pamoja ili iweje? Nitachukua mfano wa Nairobi, kwa kuwa ndilo jiji la kigeni ambalo sisi wanafunzi wa Kampala hulifikia kwa urahisi. Basi la usiku hupitia Busia au Malaba, na tangu mwaka 2014 Mganda anaweza kuvuka mpaka huo kwa kitambulisho chake cha taifa.

Kiswahili kinatupa maneno mawili ya kuanzia. La kwanza ni mtoko, neno linalopendwa na vijana, ambalo limetokana na kitenzi toka. Mtoko ni kuacha chumba cha kupanga, mihadhara na chakula cha kila siku, ukaenda mahali pengine na umpendaye. Neno la pili ni miadi, yaani mapatano ya watu kukutana mahali fulani kwa wakati fulani. Mtoko hutazama mahali. Miadi humtazama mtu uliyempa neno lako. Hoja yangu ni kwamba mtoko mwema ni ule unaotimiza miadi, na kwamba jiji linalostahili sifa za wapenzi ni lile linalowawezesha kutimiza miadi yao hata kama mifuko yao ni myepesi.

Tuanze na mfuko, kwa sababu ndiko tatizo linakoanzia. Mara nyingi huchukuliwa kwamba mwanamume ndiye mlipaji. Asipokuwa na fedha, hukopa kwa rafiki au kwa simu, akamkaribisha mwenzake mahali ambapo wote wawili hawajawahi kuketi na ambapo kila kinywaji kinamtia hesabu kichwani. Anacheka, lakini moyo uko kwenye bili. Mwanamke naye hukaa akijiuliza chakula hiki kitadaiwa kwa njia gani. Hapo ndipo jambo la kimaadili linapoingia. Zawadi inayotolewa kwa matarajio ya kulipwa kwa mwili au kwa utii si zawadi tena. Ni biashara iliyofichwa, na ubaya wake ni kwamba upande mmoja hajaambiwa bei. Neno "nimekulipia" likitumika kama hoja ya kumnyima mtu haki ya kusema hapana, mtoko umekwisha kuwa mtego.

Wahenga wetu hawatusaidii moja kwa moja katika jambo hili, kwa kuwa wana kauli mbili. Wanasema mkono mtupu haulambwi, na wanasema pia kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Msomaji wa haraka ataona wamejipinga. Mimi naona kila methali inajibu swali lake. Ya kwanza inaeleza jinsi watu wanavyotenda: asiye na kitu hupuuzwa. Ya pili inaeleza jinsi utoaji unavyopaswa kupimwa. Kosa letu ni kuichukua habari ya kwanza tukaifanya sheria, kana kwamba kwa vile mkono mtupu hupuuzwa, basi ni haki upuuzwe.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliugawa urafiki katika mafungu matatu: ule unaosimama juu ya manufaa, ule unaosimama juu ya raha, na ule ambao kila mmoja humtakia mwenzake mema kwa ajili ya mwenzake huyo. Hakusema manufaa na raha ni dhambi. Alisema tu kwamba urafiki uliojengwa juu ya hivyo huvunjika vinapokwisha. Tukiutumia mgawanyo huo, tunaweza kuutazama mtoko wowote na kuuliza: kama leo mvua ingenyesha, mgahawa ukafungwa na simu zikaisha chaji, je, wawili hawa wangekuwa na la kusemezana? Jibu likiwa hapana, fedha zilizotumika zilinunua raha, lakini hazikununua ukaribu.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuwaambia wapenzi wajali moyo tu, halafu tusiwaonyeshe mahali pa kukaa. Moyo nao unahitaji benchi. Wageni wawili wasio na chumba chao wala jamaa jijini wanahitaji mahali ambapo wanaweza kuketi saa mbili bila mhudumu kuja mara tatu kuuliza kama wataagiza kingine. Katika miji yetu ya leo mahali pa namna hiyo hupungua. Kila penye kivuli pana meza, na kila penye meza pana orodha ya bei. Kwa hiyo swali la wapenzi waende wapi si la starehe tu. Ni swali la haki: nani ana ruhusa ya kuwepo mjini bila kununua?

Nairobi ina historia inayoliangaza swali hilo. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma iliyo pembezoni mwa katikati ya jiji. Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha harakati za upandaji miti za Green Belt mwaka 1977, aliupinga kwa barua na kwa sauti. Alidhihakiwa hadharani, lakini jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye vita vilihamia msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Mwezi Januari 1999 Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti huko, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana kuutetea msitu huo. Mwaka 2004 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Leo wapenzi hutembea Karura katika njia za miguu na za baiskeli, hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango. Wengi hawajui kwamba kivuli wanachotembelea kililipiwa kwa damu ya mtu.

Na haki ya kuketi haikuwa ya wote tangu mwanzo. Maktaba ya McMillan, jengo zuri lenye nguzo kubwa katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Wapenzi wanaopiga picha kwenye ngazi zake wanasimama mahali ambapo babu zao wangefukuzwa. Nalisema hili ili tuone kwamba kuketi kimya na umpendaye katika jengo la umma ni jambo ambalo watu walilipigania, ingawa halina bei kwenye karatasi.

Kutokana na hayo natoa fikra ya pili. John Mbiti, mwanafalsafa Mkenya aliyefundisha Makerere, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu huwepo kwa sababu wengine wapo. Mahaba ya kisasa huelekea kuusahau ukweli huo. Wapenzi husema "mimi na wewe tu", kana kwamba jiji ni pazia la nyuma katika studio ya picha. Lakini hakuna wawili wanaotembea peke yao. Yupo aliyefagia njia, yupo konda aliyewashusha salama, yupo mama wa kibandani aliyewapa chapati na ndengu. Namna mtu anavyomjibu mama huyo ni habari kubwa kuliko maua. Anayemnong'onezea mpenzi wake maneno matamu huku akimfokea mhudumu ameonyesha jinsi atakavyozungumza nyumbani miaka mitano baadaye.

Basi siku yao iweje? Pendekezo langu ni la mtu anayehesabu shilingi. Asubuhi waende Karura wakiwa na viatu vya kutembelea, maji na muda wa kutosha, maana kutembea bega kwa bega huwafungua watu wanaoona haya kutazamana usoni. Mchana wale kibandani, na bili waigawe kwa mapatano yaliyofanywa kabla ya safari. Alasiri wachague moja kati ya mawili: makumbusho ya taifa, au Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa majaribio ya upandaji. Kiingilio cha bustani hiyo ni kidogo ukikilinganisha na mlo wa hotelini. Jioni, kabla ya giza, wapande matatu iliyopakwa rangi na kujaa muziki, waione Nairobi kama wenyeji wanavyoiona. Wenye akiba wanaweza kuongeza mbuga ya taifa, iliyotengwa mwaka 1946 na ambamo simba wanaishi jirani na majumba marefu, ila wajue kwamba ada hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni. Na kila mmoja awe na nauli yake ya kurudi, mkononi mwake mwenyewe. Hilo si kutoaminiana. Mtu anayeweza kuondoka wakati wowote ndiye ambaye kubaki kwake kuna maana.

Kwa wapenzi wa Kiganda kuna jambo jingine, nalo linatuhusu sana sisi wanafunzi wa Kiswahili. Wakiwa Kampala wote wawili ni wenyeji. Wakifika Nairobi, anayejua Kiswahili huwa bwana wa safari: ndiye anayeuliza njia, ndiye anayepatana bei, ndiye anayejua utani wa konda ulikuwa na maana gani. Mwenzake hubaki nyuma kama mtoto aliyeshikwa mkono. Mamlaka hayo ni matamu, na ni rahisi kuyatumia vibaya, kwa kuficha jambo au kumfanya mwenzako akutegemee. Upendo unadai kinyume chake. Mfundishe kusema "naomba kushuka", mwache aulize bei yeye mwenyewe, na akikosea usimcheke mbele ya watu. Lugha tunayoisomea darasani itakuwa imefanya kazi yake njema kabisa siku itakapompa mpenzi wako uwezo wa kutokuhitaji.

Nategemea pingamizi moja zito. Mtu atasema: ni rahisi kumsifia maskini benchi la bustani, ilhali matajiri wanakula kwenye hoteli zao. Unamwambia maskini kwamba umaskini wake ni mahaba. Pingamizi hili lina haki ya kusikilizwa. Binti aliyelelewa katika shida anaweza kutamani jioni moja ya kitambaa cheupe mezani, na tamaa hiyo si upungufu wa tabia. Kijana aliyeweka akiba miezi sita ili ampe jioni hiyo amesema jambo la kweli kwa fedha zake, kwa kuwa ndani ya fedha hizo mna jasho na kusubiri. Sikatazi hilo. Ninachokataa ni mambo mawili: kwamba asiyeweza kulipa hana haki ya kupenda mjini, na kwamba aliyelipa amepata haki juu ya mtu. Wala sisifii benchi ili maskini aridhike nalo. Nalisifu kwa sababu ndilo kiti pekee mjini ambacho tajiri na maskini wanaweza kukalia bila mmoja kumfukuza mwingine.

Ikiwa hayo ni kweli, basi wapenzi wanaolizuru jiji wana wajibu wa aina mbili. Kwa kila mmoja wana wajibu wa miadi: kufika kwa wakati, kusema ukweli kuhusu uwezo wa mfuko, kusikiliza kuliko kupiga picha, na kuliheshimu neno hapana bila kulitaja deni. Kwa jiji wana wajibu wa mgeni mwema: kutochora majina yao kwenye magamba ya miti, kutoacha chupa msituni, na kusimama na wanaotetea bustani za umma zinapotamaniwa na wajenzi, iwe Nairobi, Entebbe au Kampala. Karura ingalikuwa mtaa wa majumba yenye kuta ndefu leo kama watu wa kizazi kilichopita wangeliliona jambo hilo haliwahusu. Wawili watakaopendana miaka ishirini ijayo, wakiwa na nauli ya basi na hamu ya kuzungumza, watahitaji mahali pa kuketi. Iwapo watapapata au la, kutategemea tunavyopatunza sisi sasa.