Shibiri Yako Kabla ya Kompyuta

Mpwa wangu,

Nasikia wiki hizi za mwanzo za usanifu majengo zinakuchosha. Asubuhi mnapiga mistari kwa penseli, jioni mnafundishwa kujenga modeli kwenye kompyuta, na wewe umeshaamua kwamba penseli ni ya kupita tu. Nakuomba usiamue bado. Mimi nimeishi kwa kuchora ramani za nyumba hadi nikastaafu.

Kwenye karatasi, skeli hutangulia. Kabla ya mstari wa kwanza unaamua kwamba sentimita moja itakuwa mita moja, yaani 1:100, na karatasi ikikuishia unajua papo hapo kuwa nyumba ni kubwa kuliko ulivyodhani. Kwenye kompyuta unachora kwa vipimo halisi, skeli unaichagua mwishoni wakati wa kuchapa. Hapo katikati unakuza na kupunguza upendavyo: mlango unajaza kioo kizima, mara umekuwa kama punje ya mtama, na jicho linasahau ukubwa ni nini. Nimewaona vijana hodari wa programu wakichora ngazi ambayo mtu mzima haipandi bila kushika goti. Kwenye kioo ilipendeza mno.

Dawa yake ni mwili wako. Wazee wetu walipima kwa shibiri, dhiraa na pima, na vipimo hivyo havijatuacha. Chukua tofali la saruji la inchi 6 linalofyatuliwa kila mahali: urefu wake inchi 18, kimo chake inchi 9. Hiyo ni takriban dhiraa moja kwa shibiri moja. Kwa hiyo ukuta ambao haujapigwa lipu unaweza kuusoma kwa macho, tofali kwa tofali. Pima shibiri yako, uiandike kwenye jalada la daftari, maana yako si yangu. Halafu tembea na tepu. Mlango wa bweni, kidato cha ngazi, kiti cha daladala: kadiria kwanza, andika, ndipo upime. Usipime kabla ya kukadiria, hapo utakuwa umejifunza namba tu.

Jua nalo usiiachie programu. Itakupigia kivuli kizuri, lakini usipoiambia jengo liko wapi itakupa jua la nchi nyingine. Sisi wa hapa Mnazi tuko kama nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri mwezi Juni hupita kaskazini mwetu, Desemba hupita kusini. Na huku kwetu, bondeni kwenye mkonge, dirisha la magharibi linachoma. Panda hadi Lushoto mwezi wa Julai, dirisha hilohilo watu wanaligombania kwa baridi. Modeli yako haitajua tofauti hiyo usipoijua wewe.

Jumamosi moja nenda Kariakoo na daftari, uliangalie soko alilolichora Beda Amuli. Wakati wake hapa nyumbani hapakuwa na pa kusomea kazi hii; alisomea Technion, Haifa, kule Israel. Soko lilifunguliwa 1975, na michoro yake ilipigwa kwa mkono. Lilipata moto Julai 2021, lakini tazama ile miavuli mikubwa ya zege juu, jinsi ilivyofanya paa liwe kivuli na huku upepo unapita. Ichore kwa mistari michache, na chini yake mweke mtu mmoja aliyesimama, maana bila mtu hakuna atakayejua mwavuli una ukubwa gani. Usiku huohuo ijenge kwenye kompyuta. Hapo ndipo utakapoipenda mashine, na mimi naipenda pia: utauzungusha mwavuli, utaukata katikati, utaona maji ya mvua yanashukia wapi, mambo ambayo sisi yalitugharimu karatasi nyingi.

Desemba ukija likizo, bibi yako anataka kuongeza baraza upande wa magharibi. Pima nyumba yote chumba kwa chumba, kimo cha kenchi pia, uchore kwa penseli kabla ya kufungua kompyuta. Fundi anasubiri mchoro ajue anunue tofali ngapi.

Mjomba wako