Kivuli cha Kukodi

Mjukuu wangu, jana ulinieleza kwa furaha kwamba ndege zikimwaga gesi ya salfa juu kabisa angani, dunia itapoa. Sikukukatiza. Leo nisikilize na mimi.

Jambo lenyewe si ndoto. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha mamilioni ya tani za gesi hiyo hadi stratosfia, tabaka la juu la angahewa. Ikageuka vitone vya asidi vilivyorudisha sehemu ya mwanga wa jua, na dunia ikapoa kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi. Mwaka 2006 Paul Crutzen, mwenye Tuzo ya Nobel ya kemia, aliandika kwamba njia hiyo ichunguzwe. Hakuwa akishangilia, alichoshwa na serikali zisizopunguza moshi.

Lakini kivuli cha vitone hivyo ni cha kukodi. Vitone huanguka baada ya mwaka mmoja au miwili, ilhali hewa ukaa hukaa karne na karne. Basi anayeanza kumwaga atamwaga yeye, wanawe na wajukuu zake. Siku vita au ufukara ukizizuia ndege, joto lililozuiwa miaka yote litarudi kwa pupa. Na chini ya kivuli hicho bahari inaendelea kuwa chachu, maana hewa ukaa haijaguswa.

Kuna na mvua. Hata uji hupoa pembeni kwanza, na dunia nayo haipoi sawasawa. Salfa ikizidi kaskazini, ukanda wa mvua husogea kusini. Volkano ya El Chichón ya Mexico ililipuka 1982, na ukame mkali ukaikumba Sahel. Nani atamlipa mfugaji wa Niger?

Usidhani watu watangoja ruhusa. Kampuni moja ndogo ya Marekani ilirusha maputo yenye salfa kutoka Mexico bila kuuliza, na Januari 2023 serikali ya Mexico ikatangaza marufuku. Hapa kwetu Nairobi, Februari 2024, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilijadili azimio kuhusu njia hii, lililoletwa na Uswisi. Nchi za Afrika zilitaka isitumike kabisa. Wajumbe hawakuafikiana, azimio likaondolewa.

Sikukatazi kuisoma, mjukuu wangu. Isome sana, tusije tukasomewa na wengine. Ila ukija likizo, usiniletee hesabu ya joto kwanza. Niletee ya mvua za vuli.