Mungu Hana Mizani Mbili



Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, tribinali ya kijeshi ilimhukumu Papa Simon Kimbangu fimbo 120 na kifo. Hakushika bunduki, wala hakupewa avoka. Mfalme Albert aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Fimbo ile ilikuwa ya mtu mweusi tu.

Basi sisi tuliolilia hukumu ile, tukipewa leo kiti cha hakimu au kofia ya polisi, tusimfunge mwizi wa kuku na kumpigia saluti mkubwa aliyekula mishahara ya walimu. Tusiulize kabila wala chama kabla ya kusikia kesi. Mizani ya Mungu ni moja. Amina.